Laini Inayoleta Mwanga: Jamii 24 za Kaskazini mwa Ontario na Umeme Wao



Katika mkutano mkuu uliopita, tulipofika kwenye ajenda ya umeme wa vitongoji, mzee mmoja wa mwambao wa Nyasa alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu. Nguzo zikija, alisema, zitapita katika mashamba ya kijiji kimoja ili taa ziwake kijiji cha pili. Sasa huyu anayekatiwa migomba yake, akabaki anaangalia nyaya juu ya kichwa chake, yeye anapata nini? Mwenyekiti alitazama saa, tukahamia ajenda ya chakula.

Kamati ya kijarida iliponiomba makala ya historia ya mwaka huu, nilikumbuka swali lile. Jibu lake nimelikuta mbali sana, kaskazini mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, kwa watu ambao waliulizana jambo hilohilo kwa miaka mingi kabla hawajasimamisha nguzo. Naomba mnivumilie safari hii ndefu.

Ukitazama ramani ya Ontario, mji wa Thunder Bay uko ukingoni mwa Ziwa Superior. Kutoka hapo kwenda kaskazini na magharibi barabara za lami zinapungua hadi zinakwisha, moja ikiishia Red Lake na nyingine Pickle Lake. Mbele yake ni misitu ya misonobari, vinamasi, mito na maziwa yasiyohesabika. Humo wanaishi wenyeji asilia wa nchi ile, Wakree, Waojibwe na Waoji-Cree, ambao huitwa Mataifa ya Kwanza. Kila jamii ina chifu wake na baraza lake, na jamii nyingi hazifikiwi na barabara. Watu husafiri kwa ndege ndogo. Mizigo mizito husubiri majira ya baridi, maziwa na vinamasi vinapoganda, ndipo malori yanapita juu ya barafu kwa wiki chache, kwa kawaida kati ya Januari na Machi. Mtu wa Lupingu au Manda hahitaji maelezo zaidi. Sisi tulisubiri meli, wao husubiri barafu, na siku hizi barafu huchelewa kushika na huwahi kuyeyuka.

Kwa miongo mingi umeme wao ulitoka kwenye jenereta za dizeli. Mafuta yalikwenda kwa malori wakati wa barafu, na yalipopungua kabla ya msimu yalipelekwa kwa ndege. Hebu fikiria gharama ya lita moja ya dizeli iliyopanda ndege. Tena jenereta ina kikomo chake. Kijiji kilipokua hadi mashine ikafikia mwisho wa uwezo wake, nyumba mpya ilijengwa ikakaa bila kuunganishwa. Kwenye vijiji kadhaa hali ilikuwa hiyo kwa miaka: hakuna nyumba mpya itakayopewa umeme, hakuna duka jipya, hakuna pampu mpya ya maji. Na majira ya baridi huko ni ya nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. Jenereta ikizimika usiku wa namna hiyo, mabomba yanapasuka, na wazee na watoto inabidi wahamishwe.

Pikangikum, jamii ya watu wapatao elfu tatu, ilikuwa mfano uliotajwa mara nyingi. Nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba, na sababu mojawapo ni kwamba umeme uliokuwepo haukutosha kuendesha mitambo ya kuyasambaza. Mtu akisema umeme ni anasa ya kuangalia televisheni, mwambieni habari ya Pikangikum.

Lakini watu hawa hawakuupokea mradi wa umeme kwa vigelegele peke yake, na ili kuelewa kwa nini, inabidi turudi nyuma karibu miaka mia.

Kusini kidogo ya eneo hilo kuna ziwa liitwalo Lac Seul, na ukingoni mwake jamii yenye jina hilohilo. Walijiunga na Mkataba namba 3 mwaka 1874 na wakatengewa ardhi yao. Mwaka 1928 serikali ya Kanada, ya Ontario na ya Manitoba zilikubaliana kujenga bwawa mahali paitwapo Ear Falls, ili maji ya ziwa yahifadhiwe na kuachiwa kwa mpango, mitambo ya umeme iliyoko chini mtoni ipate maji mwaka mzima. Umeme huo ulikuwa wa kwenda Winnipeg. Kuanzia 1929 maji yakapanda, kiasi cha mita tatu. Ekari 11,304 za ardhi ya Lac Seul zikaingia majini, karibu sehemu moja ya tano ya eneo lao lote, tena ile sehemu nzuri. Nyumba zilizama, bustani na majani ya mifugo yalizama, mashamba ya mpunga wa mwitu ambao ni chakula chao cha asili yaliharibika, makaburi yaliliwa na maji. Kijiji cha Kejick Bay kiligeuka kisiwa.

Hawakuombwa ridhaa. Serikali ya Kanada, ambayo kwa mkataba ilikuwa na wajibu wa kuilinda ardhi ile kwa niaba yao, ilijua maji yatafika wapi na haikufanya nao mazungumzo ya fidia kabla ya kufurika. Mwaka 1943, miaka kumi na minne baadaye, dola elfu hamsini na kidogo ziliwekwa kwenye akaunti ya jamii iliyokuwa ikisimamiwa na serikali, bila wenyewe kushirikishwa. Ndio malipo hayo.

Kesi yao ilichukua muda mrefu sana. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliwapa dola milioni 30. Wakakata rufaa, na mwezi Julai 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema hesabu ile imekosewa. Naomba tusikie vizuri sababu yake, maana sisi wenye Mchuchuma na Liganga inatuhusu. Hesabu ya kwanza ilithamini ardhi kana kwamba ingeweza kuchukuliwa kwa nguvu ya sheria na kulipiwa kama pori tu. Mahakama ya Juu ikasema hapana: serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatetea watu wale na kuwapatia thamani ya ardhi kwa kazi ya kuzalisha umeme, kwa kuwa bila ardhi hiyo mradi usingekuwepo. Kwa lugha ya nyumbani, shamba linalohitajiwa na mradi mkubwa haliuzwi kwa bei ya majani yaliyoota juu yake. Shauri likarudishwa chini ili fidia ipigwe upya.

Kwa hiyo mnaweza kuona, mtu wa kule akisikia neno umeme anakumbuka pia maji yaliyofunika makaburi ya babu zake.

Kuna jambo jingine la aina hiyo, la karibu zaidi. Mwaka 2008 viongozi sita wa jamii ya Kitchenuhmaykoosib Inninuwug, ambayo watu hufupisha kwa kuiita KI, walihukumiwa kifungo cha miezi sita. Walikuwa wamekaidi amri ya mahakama iliyoruhusu kampuni ya madini kuchimba visima vya utafiti kwenye ardhi yao ya asili. Chifu wao alikuwa miongoni mwao. Mahakama ya rufaa iliwaachia mwezi Mei mwaka huohuo, baada ya miezi miwili hivi. Magazeti ya wakati ule yaliwaeleza kama watu wanaopinga maendeleo. Mimi nasoma tofauti. Walikuwa wanapinga kutoulizwa, na ushahidi ni kwamba KI ni mmoja wa wamiliki wa laini ninayotaka kuwaeleza.

Ni mwaka uleule wa 2008 ambapo jamii za kaskazini zilianza vikao vya pamoja kuhusu kujiunga na gridi. Wazo lenyewe la kupeleka laini halikuwa jipya. Migodi ya dhahabu ya upande ule ilihitaji umeme, na laini ya zamani iliyofika Pickle Lake ilikuwa imechoka. Wangeweza kukaa kimya, wasubiri shirika la umeme au kampuni ya mgodi ivute laini, kisha waombe kuunganishwa njiani. Wao waliamua kuanza na swali la mmiliki: laini ikipita katika ardhi yetu, itakuwa ya nani?

Vikao vilichukua miaka. Anayedhani ni rahisi kuwaweka pamoja machifu ishirini na zaidi, kila mmoja na baraza lake na uchaguzi wake, akumbuke tu jinsi sisi tunavyohangaika kupata akidi ya kata nne. Kiongozi aliyebeba kazi hiyo kwa muda mrefu ni Margaret Kenequanash, mama wa jamii ya North Caribou Lake, ambaye baadaye akawa mtendaji mkuu wa kampuni yao. Wazee ndio waliotoa jina la kampuni: Wataynikaneyap, maana yake katika lugha yao ni laini inayoleta mwanga. Watu wengi huifupisha wakasema Watay.

Mwaka 2015 jamii 20 zilitia saini ubia na kampuni zenye mtaji na ujuzi wa kujenga, ikiwemo Fortis. Mwaka 2016 serikali ya Ontario iliiteua rasmi kampuni yao kuwa ndiyo itakayojenga na kuendesha njia hiyo. Jamii zikaongezeka hadi 22, kisha 24. Mgawanyo wa hisa ndio huu: asilimia 51 ni za jamii 24, asilimia 49 ni za wabia wenye mtaji, na upo mpango wa jamii hizo kuja kununua sehemu iliyobaki ili mradi wote uwe wao.

Sasa tufike kwenye swali la mzee wetu wa mwambao.

Jamii zilizolengwa kupata umeme kwa mradi huu ni 17. Wamiliki ni 24. Hesabu haikukosewa. Jamii saba zilizobaki hazikuwa zikisubiri kuunganishwa; njia inapita katika maeneo yao ya asili. Wanakatiwa msitu na njia zao za mitego, na nyaya zinapita juu kwenda kwa wengine. Na jamii hizo saba zina hisa sawasawa na zile zinazowashiwa taa. Mojawapo ni Lac Seul. Watu wale ambao mwaka 1929 walizamishiwa ardhi ili Winnipeg ipate umeme, safari hii wamekaa mezani kama wenye mali.

Sawasawa ninaposema, namaanisha hivyo. Wawakapewin ni jamii ndogo sana, watu wake hawafiki mia. Pikangikum na Sandy Lake zina maelfu. Asilimia 51 ile imegawanywa kwa 24, kila jamii fungu lake moja. Nakiri kwamba niliposoma hivyo mara ya kwanza niliona haki haijatendeka kwa wale wengi. Baada ya kufikiri nadhani naelewa. Kama hisa zingegawanywa kwa idadi ya vichwa, wadogo wangekuwa wasindikizaji, na msindikizaji ana sababu ya kukataa laini isipite kwake. Laini yenye urefu wa kilomita elfu moja na mia nane haiwezi kuvumilia hata jamii moja iliyonuna katikati.

Fedha zilikuwa nyingi kupita uwezo wa mchango wowote. Makadirio yalikuwa dola za Kanada bilioni 1.9 hivi. Mwezi Machi 2018 serikali ya Kanada ilitangaza kutoa dola bilioni 1.6, na serikali ya Ontario ikatoa mkopo wa kuendeshea ujenzi. Naandika hili wazi kwa sababu kuna wenzetu watakaosema kuwa jamii zile zilijijengea zenyewe. Hapana. Fedha ya walipa kodi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, na hoja iliyozishawishi serikali ilikuwa ya hesabu: kuendelea kusafirisha dizeli kwa miaka arobaini ijayo kungekula fedha nyingi na mwishowe bado vijiji vingebaki na jenereta zilezile. Jamii zilichangia kitu ambacho serikali haikuwa nacho, yaani ridhaa ya ardhi, na zilikataa kukichangia bure.

Pikangikum haikuweza kusubiri wenzake. Kwa fedha maalumu ya serikali ya Kanada, kipande cha kilomita 117 kutoka Red Lake kilijengwa kwanza, na tarehe 20 Desemba 2018 kijiji kikaunganishwa na gridi. Kwingine kulikuwa na taratibu bado. Bodi ya nishati ya jimbo iliidhinisha ujenzi Aprili 2019, mikataba ya fedha ikakamilika Oktoba, na kazi yenyewe ikashika kasi mwaka 2020.

Mwaka 2020 wote tunaukumbuka. Jamii nyingi zilifunga milango kwa wageni kwa kuogopa korona, na zilikuwa na haki, maana wazee wao wangekwisha na hospitali iko mbali kwa ndege. Mafundi ilibidi wakae kwenye kambi zao na kufuata masharti ya kila kijiji. Kiangazi cha 2021 misitu ikawaka. Watu wa Poplar Hill, Deer Lake, North Spirit Lake na Pikangikum walihamishwa kwa ndege kukimbia moto na moshi, na kazi ikasimama sehemu nyingi.

Ujenzi wenyewe ni wa kushangaza kwetu. Sisi tunasubiri kiangazi ili lori la nguzo lisizame kwenye matope. Wao husubiri baridi kali ili kinamasi kigande na kiweze kubeba mashine. Pasipobebeka, nguzo na nyaya hupelekwa kwa helikopta. Njia ilichorwa kwa kukaa na wazee na wawindaji wanaojua makaburi yako wapi, wanyama wanazalia wapi, na mitego ya familia ipi inapita wapi. Vijana wa jamii zile walipewa mafunzo ya ufundi, wengine wakapanda nguzo kwenye ardhi ya bibi zao.

Laini kubwa ya msongo wa kilovolti 230, yenye urefu wa kama kilomita 300 kutoka Dinorwic hadi Pickle Lake, iliwashwa mwaka 2022. Kutoka hapo, na kutoka Red Lake upande wa pili, laini za msongo mdogo zilisonga kaskazini, vituo vya kupozea umeme 22 vikajengwa, na kijiji baada ya kijiji kikaunganishwa. Kufikia mwisho wa 2024 kazi kubwa ya ujenzi ilikuwa imekwisha.

Nisiwadanganye kwamba yote ni mazuri. Laini ni moja na ndefu. Mti ukiangukia waya au barafu ikiulemea, walio mbele yake wote wanakosa umeme, na ndiyo maana jenereta za zamani hazikutupwa mara moja. Nyaya za ndani ya kijiji, zile zinazoingia majumbani na kuleta ankara, ni za shirika jingine, kwa hiyo mmiliki wa laini kubwa bado anapokea ankara kama mtu yeyote. Wapo pia wanaosema kwamba umeme uliofika kijijini utafika na mgodini, na kwamba laini itawafungulia njia watu walewale waliozuiwa mwaka 2008. Hofu hiyo siidharau. Tofauti ni kwamba sasa mwenye mgodi akitaka umeme atapitishiwa kwenye laini ambayo KI ina fungu lake.

Na sisi? Ludewa hatuanzi mwanzo kabisa. Watu wa Lupande, Mawengi na Madunda wameendesha kwa miaka umeme wao wa maporomoko chini ya chama cha watumiaji, na anayetaka kujua ugomvi wa ankara, mashine kuharibika na nani mwenye ufunguo, aende akawaulize wao kabla hajafika Kanada. Walichonacho Wataynikaneyap ambacho sijakiona kwetu ni lile fungu la wanaopitiwa.

Mwaka huu chama kinachangisha kwa ajili ya kutandaza nyaya katika zahanati na madarasa ya vitongoji vilivyo kando ya njia inayotarajiwa, na kamati imekubali, baada ya mabishano ya jioni mbili, kwamba kila kijiji kitakachopitiwa na laini kitaingizwa kwenye orodha ya mfuko hata kama hakina jengo la kuunganishwa kwa sasa. Fungu litakuwa moja kwa kila kijiji. Kijiji kikubwa kimoja, sikitaji, bado kinalalamika.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma. Sehemu A inauliza kiasi unachoahidi. Sehemu B inauliza majina ya kaya ambazo mashamba yao yako kwenye njia ya laini, na hiyo ijazwe na mtu anayeyajua mashamba hayo kwa kuyatembea. Mzee wetu wa mwambao amekwisha kurudisha ya kwake. Sehemu A ameandika shilingi elfu ishirini. Sehemu B ina majina kumi na saba, na mipaka yake ameichora kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi.